Gurudumu lipimwe kama gari linavyolibeba

Land Rover ya zamani inayotoka Ihanda kwenda Bukoba haimsumbui dereva kwenye vumbi. Humsumbua ikishakanyaga lami. Kwenye barabara za udongo za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huendeshwa kilomita 30 kwa saa, ikizidi sana 40, huku dereva akikwepa makorongo na mawe, na kila mtikisiko anaousikia mikononi huusingizia barabara. Akishaingia kwenye lami ya Bugene hadi Kyaka, takribani kilomita 59, anaongeza mwendo. Kwenye 70 usukani unaanza kucheza. Kwenye 80 unatetemeka mpaka anaushika kwa mikono miwili na kukaza mabega.

Akifika mjini anatafuta gereji yenye mashine ya wili balansi. Fundi anafungua magurudumu, anayapachika kwenye mashine moja baada ya jingine, yanazunguka, na skrini inadai gramu kadhaa upande wa ndani na gramu kadhaa upande wa nje. Vipande vya risasi vinagongelewa kwenye ringi. Gurudumu linazungushwa tena na skrini inatoa sifuri pande zote mbili. Dereva analipa na kuondoka akiwa ameridhika. Kabla hajaivuka Kyaka wakati wa kurudi, usukani unacheza vilevile, na safari nyingine unacheza kuliko mwanzo.

Hapo lawama huanza. Dereva analilaumu tairi, fundi analilaumu gari kwa uzee, na mwenye gari anailaumu mashine. Mara nyingi vyote vitatu ni vizima. Kosa limefanyika mahali pamoja tu: mashine iliikamata ringi kwa namna ambayo gari halijawahi kuikamata. Mwenye gari la zamani akilielewa hilo ataacha kununua tairi asizozihitaji, na fundi akilielewa ataweza kutengeneza gari ambalo wenzake wamelikatia tamaa.

Kinachoutikisa usukani

Hakuna gurudumu lenye uzito sawa pande zote. Tairi huwa na sehemu nene kidogo kuliko nyingine, ringi ina kiungo kilichochomelewa, na mpira wa ndani una vali yake. Gurudumu likizunguka, upande mzito huvuta kuelekea nje kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Mvuto huo haukui sambamba na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne.

Chukua tairi la 7.50-16, ambalo Land Rover nyingi za zamani hulivaa. Kipenyo chake ni karibu sentimita 80. Tuseme upande mmoja umezidi kwa gramu 60 kwenye ukingo wa ringi, sentimita 20 hivi kutoka katikati. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gramu hizo 60 zinavuta kwa nguvu ya nusu kilo, ambayo kwenye barabara ya udongo hakuna atakayeisikia. Kwa kilomita 80 kwa saa, gramu zilezile zinavuta kwa karibu kilo 4, na gurudumu linazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Mara 9 kwa sekunde ekseli ya mbele inasukumwa juu, chini, mbele na nyuma. Ndiyo maana lami ndiyo inayofichua ugonjwa ambao vumbi liliuficha kwa miaka.

Uzito huo unaweza kukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni upande mmoja wa mduara kuwa mzito kuliko mwingine. Gurudumu la namna hiyo likiachwa lizunguke lenyewe, upande mzito hushuka chini, na barabarani hurukaruka. Ya pili ni uzito wa uso wa ndani na ule wa uso wa nje kukaa mahali tofauti, hata kama mduara mzima unaonekana umetulia ukisimama. Gurudumu hilo likienda mbio hujipinda kushoto na kulia, na usukani hutikisika kwa ubavu. Kosa la kwanza linaweza kuonekana gurudumu likiwa limesimama. La pili huonekana likiwa kwenye mwendo tu, na kwa ajili hiyo mashine za kisasa hulizungusha gurudumu kabla ya kutoa hesabu.

Koni na tundu la katikati

Mashine ya balansi ina shafti iliyolala. Fundi hulipitisha tundu la katikati la ringi kwenye shafti hiyo, husukuma koni ya chuma ikae ndani ya tundu, kisha hukaza nati kubwa. Koni ndiyo inayoiambia mashine kwamba katikati ya gurudumu ni hapa. Kila hesabu itakayofuata inalitegemea neno hilo la koni.

Kwa magari mengi ya leo, koni husema kweli. Ringi zake zimetengenezwa zikae juu ya mdomo wa habu, na tundu la katikati limechongwa kwa kipimo cha karibu sana na mdomo huo. Habu ndiyo inayoiweka ringi mahali pake, na kazi ya nati ni kuibana tu isitoke. Kwa hiyo koni inapolishika tundu, inalishika gurudumu palepale gari linapolishika.

Magari mengi ya zamani yalijengwa kwa mpango mwingine. Nati au bolti zake zina ncha ya koni au ya mviringo, na matundu ya bolti kwenye ringi yana viti vya umbo hilohilo. Unapokaza, kila nati huisogeza ringi kidogo kidogo mpaka zote zikubaliane, na makubaliano hayo ndiyo katikati ya gurudumu. Tundu kubwa la katikati halikuwa na kazi yoyote zaidi ya kupisha kifuniko cha grisi, kwa hiyo kiwandani hakuna aliyejisumbua kulichonga kwa usahihi. Linaweza kuwa limekaa pembeni kidogo, limepinda, au limeliwa na kutu na nyundo za miaka 50. Koni ikilishika tundu la namna hiyo, mashine itapima kwa uaminifu mkubwa kitu ambacho sicho.

Land Rover ni mfano mzuri kwa sababu tunayo mpaka leo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ringi zake za chuma zimefungwa kwa nati tano zenye koni, kwenye duara la bolti la inchi 6.5, sawa na milimita 165. Nati hizo ndizo zinazoipeleka ringi katikati.

Volkswagen ya mgongo wa kobe iko mbali zaidi na mashine za leo. Hadi 1967 ringi zake za bolti tano zilifungwa kwenye duara la milimita 205, pana kuliko la magari mengi, na katikati ringi iko wazi kiasi kwamba dramu yenyewe ya breki hujitokeza kama sehemu ya gurudumu. Koni kubwa ya mashine nyingi inapita katikati ya ringi hiyo bila kugusa kitu. Na bolti za VW zina viti vya mviringo, kwa hiyo bolti za koni kutoka gari jingine haziwezi kuiweka ringi hiyo mahali pake.

Renault 4, iliyoanza kutengenezwa 1961 na kuuzwa zaidi ya milioni 8 duniani, ina bolti tatu kwenye duara la milimita 130. Peugeot 403 na 404 nazo zilijulikana kwa nati tatu. Citroën DS, iliyotoka 1955, mpaka katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na bolti moja tu ya katikati. MG na Jaguar nyingi za wakati huo zilivaa ringi za spoku, zinazoingia kwenye meno ya habu na kubanwa kwa nati moja yenye mabawa. Ringi kama hiyo inahitaji kushikwa na koni mbili, moja nyuma na moja mbele, kwenye miinamo ileile ambayo habu na nati huishikia. Koni moja ikiachiwa kazi hiyo peke yake, ringi hukaa mshazari.

Magari yaliyozipima barabara zetu

Magari haya hayakuwa mapambo Afrika Mashariki. Mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyoonyesha ni gari gani lingeweza kuhimili barabara zetu, na wanunuzi waliyafuatilia kwa makini. Volkswagen ilishinda 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena 1957 na Gus Hofmann, na mwaka 1962 na Tommy Fjastad. Zote tatu zilikuwa za enzi ya ringi ile pana ya bolti tano.

Baada ya hapo ikaja zamu ya Peugeot 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo 1963, mwaka ambao magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudi kuuchukua, na kwa mara nyingine magari 7 tu yakamaliza. Sifa hiyo iliuza 404 kila kona ya ukanda huu, nazo ziliendelea kuundwa Kenya hadi 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza gari hilo mwaka 1975.

Kwa hiyo mtu anayeleta Peugeot ya nati tatu au Land Rover ya 1965 kwenye gereji leo hajaleta kioja. Ameleta gari ambalo baba zetu walilichagua kwa akili, kwa kuwa liliweza kubeba kahawa, mgonjwa na mwalimu kwenye njia ambazo magari mengine yaliziogopa. Lina haki ya kupimwa kwa kanuni zake lenyewe.

Milimita moja

Huenda msomaji akauliza: tundu likiwa pembeni kidogo tu, kuna ubaya gani? Hesabu inajibu vizuri kuliko maneno.

Gurudumu la Land Rover, yaani ringi, tairi na mpira wa ndani, tuseme lina kilo 30. Koni ikiliweka pembeni kwa milimita moja tu kutoka katikati ya kweli, mashine itaona kilo zote 30 zimehamia upande mmoja kwa milimita moja. Kuufuta uzito huo kwenye ukingo wa ringi, sentimita 20 kutoka katikati, kunahitaji karibu gramu 150 za risasi. Nusu milimita inahitaji gramu 75. Mashine haina namna ya kujua kwamba uzito huo ni wa uongo. Inaudai, fundi anaugongelea, skrini inasoma sifuri.

Kisha gurudumu linarudishwa kwenye gari. Nati za koni zinalipeleka katikati yake ya kweli, na ule uongo unatoweka. Zinabaki gramu 150 za risasi zisizo na kazi. Kwa kilomita 80 kwa saa, gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 10, mara 9 kila sekunde. Dereva aliyeingia gereji na tatizo dogo ametoka na kubwa, na stakabadhi mkononi inasema kazi imefanyika.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila fundi angeweza kulifanya. Baada ya mashine kusoma sifuri, legeza nati ya shafti, zungusha gurudumu nusu mzunguko kwenye shafti hiyohiyo, kaza, kisha pima upya. Skrini ikidai risasi tena, ringi haikai vizuri kwenye koni na kipimo cha kwanza hakifai. Hata hivyo jaribio hili halitoshi kwa ringi za zamani. Kama koni inakaa vizuri kwenye tundu, lakini tundu lenyewe limetobolewa pembeni, mashine itarudia uongo uleule kila mara bila kubabaika. Kwa ringi hizi dawa ni moja: uziache koni, uishike ringi kwa matundu yake ya bolti.

Bamba lenye vidole

Watengenezaji wa vifaa wamelijua jambo hili siku nyingi. Kampuni kama Haweka ya Ujerumani hutengeneza bamba linalokaa kwenye shafti ya mashine, lenye vidole vitatu, vinne au vitano vinavyosogezwa kulingana na duara la bolti. Vidole hivyo huingia kwenye viti vya nati na kuibana ringi kama nati zenyewe zinavyofanya kwenye gari. Kwa ringi za Kifaransa ambazo hazina tundu la katikati la kutegemewa, bamba la namna hii ndilo linaloziwezesha kupanda kwenye mashine.

Gereji inayohudumia magari mengi ya zamani ingefanya vyema kununua bamba moja. Asiye na uwezo huo anaweza kumwendea fundi wa lathi. Bamba nene la chuma likichongwa tundu la katikati na duara la bolti bila kufunguliwa kwenye mashine, ili vyote viwe na kitovu kimoja, litatumika miaka mingi kwa aina moja ya gari. Kinachotakiwa ni usahihi. Bamba lililotobolewa kwa kukisia litaleta kosa lilelile tunalolikimbia.

Habu ya zamani kwenye jiliwa

Ihanda, au popote pasipo mashine, kuna njia nyingine. Ni ya zamani kuliko mashine zote za skrini, haihitaji umeme, na kwa magari haya huweza kushinda mashine iliyotumiwa vibaya. Njia hiyo ni kulipima gurudumu kwenye habu ya gari lake.

Tafuta habu ya mbele iliyotolewa kwenye gari la aina hiyo, pamoja na ekseli yake fupi. Kwa VW ni dramu ya mbele, kwa Land Rover ni habu isiyo na flenji ya kuendeshea. Habu ya aina hiyo haikosekani kwenye marundo ya vyuma vya gereji. Toa sili ya grisi, kwa kuwa hiyo huleta ukinzani. Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe, zitie mafuta mepesi ya mashine badala ya grisi, kisha zikaze kiasi tu cha kuondoa mchezo. Ifunge ekseli kwenye jiliwa zito au ichomelee kwenye chaneli ya chuma iliyosimikwa imara, ikiwa imelala sawasawa. Habu isiyo na gurudumu ikisukumwa kwa kidole inatakiwa izunguke kwa muda mrefu na kusimama polepole bila kurudi nyuma.

Sasa funga gurudumu kwa nati zake lenyewe, kwa kupishana, zote zikiwa zimelegea kwanza, kisha kaza kidogo kidogo mpaka ringi ikae. Liachie. Litazunguka polepole, litayumba huku na huku, kisha litasimama. Sehemu iliyo chini ndiyo nzito. Weka alama ya chaki juu kabisa. Lisukume robo mzunguko na uliachie tena, mara kadhaa, kulia na kushoto. Chaki ikirudi juu kila mara, umepata ukweli.

Bandika risasi kwa selotepu kwenye alama ya chaki, ongeza au punguza, mpaka gurudumu likae popote unapoliweka: chaki juu, chaki ubavuni, chaki chini. Ili kujua kama kifaa chako ni chepesi vya kutosha, bandika sarafu mbili za shilingi 500, ambazo ni kama gramu 20, ubavuni mwa gurudumu lililotulia. Likishuka, beringi zinafaa. Lisiposhuka, safisha upya. Mwisho, gawa risasi nusu kwa nusu, uso wa ndani na uso wa nje, palepale kwenye alama ya chaki, ili usizue lile kosa la pili wakati unaliponya la kwanza. Piga alama ya rangi kwenye bolti moja na tundu lake, ili gurudumu lirudi kwenye gari vilevile.

Njia hii haioni kosa la ndani na nje. Lakini ringi za VW, Renault 4 na Land Rover za zamani ni nyembamba, na kadiri gurudumu linavyokuwa jembamba ndivyo kosa hilo linavyopungua nguvu. Gurudumu lililosawazishwa hivi kwenye habu yake huenda vizuri barabarani kuliko lililosawazishwa kwa mashine ya kisasa kwenye tundu bovu.

Wapo wanaopendelea kulipimia gurudumu kwenye gari lenyewe. Inawezekana, kwa masharti. Gari lisimame juu ya stendi, kwa maana jeki peke yake imeua watu. Breki zisiguse dramu. Kwa Land Rover, flenji ya kuendeshea ifunguliwe ili gurudumu lisiburute nusu ekseli na gia za difu. Asiyeijua vizuri difu asizungushe kwa injini gurudumu moja lililoinuliwa huku la pili liko chini, kwa kuwa lililoinuliwa huzunguka mara mbili ya mwendo unaosomeka kwenye dashibodi, na gari linaweza kuruka kutoka kwenye stendi.

Kabla ya risasi ya kwanza

Balansi ni hatua ya mwisho. Mambo kadhaa huitangulia, na kwa Karagwe la kwanza ni matope. Masika na vuli, udongo wetu mwekundu hujaa ndani ya ringi, upande ambao macho hayafiki, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Gramu 200 za udongo kwenye ringi moja si ajabu. Ukisawazisha gurudumu lenye udongo, kipande kikidondoka njiani umerudi ulikoanzia. Osha ringi ndani na nje, kwangua kwa brashi ya waya, ndipo ulipime.

La pili ni viti vya nati. Ringi nyingi za zamani zimepakwa rangi mara nyingi, na rangi nene kwenye kiti huizuia nati kukaa. Futa rangi hiyo. Angalia kama viti vimeliwa mpaka vikawa vya yai, kama ringi ina ufa kuzunguka matundu, na kama nati zote ni za gari hilo. Ringi yenye ufa iondolewe barabarani siku hiyohiyo.

La tatu ni mviringo. Funga gurudumu kwenye gari au kwenye habu ya jiliwa, weka waya au penseli karibu na ukingo wa ringi, kisha zungusha. Nafasi kati ya waya na ringi ikibadilika kwa zaidi ya milimita moja na nusu hivi, ringi imepinda. Fanya hivyo hivyo kwenye tairi. Gurudumu lenye umbo la yai linaweza kusawazishwa kikamilifu na bado likagonga barabara kila mzunguko, kwa kuwa risasi hunyoosha uzito na haiwezi kunyoosha umbo.

La nne ni gari lenyewe. Tairodi iliyolegea, beringi yenye mchezo, swiveli ya Land Rover iliyokosa mkazo na shokapu iliyokufa hufanya usukani ucheze kwa kosa dogo la gramu 20. Fundi mwaminifu hushika gurudumu juu na chini, kulia na kushoto, na kulitikisa kabla ya kugusa mashine. Kulitupia risasi gari lenye tairodi mbovu ni kuficha hatari kutoka kwa mtu anayebeba familia yake.

Ringi za kuogopwa

Zipo ringi za kiwandani ambazo ugeni wake ni hatari. Peugeot 505, iliyotoka 1979, ilipatikana pia na ringi za Michelin TRX za milimita 390. Tairi la inchi 15 ni la milimita 381. Tofauti ni milimita 9, inayomtosha mtu asiyejua kuamini kwamba tairi la 15 litaingia kwa nguvu. Kulilazimisha ni kujitafutia mlipuko. Ringi ya TRX inahitaji tairi la TRX, na likikosekana badilisha ringi zote. Wakati huohuo tairi la 404 lililoandikwa 380 lisimtishe mtu, maana hiyo ni inchi 15 iliyoandikwa kwa milimita.

Ringi za vipande, zile zinazofunguka kwa pete ya kufungia au kwa bolti za kuunganisha nusu mbili, hazifunguliwi kamwe zikiwa na upepo. Zinapojazwa, ziwe ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame pembeni. Risasi nazo ni sumu: Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye magari madogo kuanzia 2005, na siku hizi vipo vyuma vya balansi vya zinki na vya chuma cha kawaida. Anayetumia za zamani anawe mikono kabla ya kula, na asiwaachie watoto wazichezee.

Ufundi huu uko ndani ya uwezo wetu

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwenye tamasha lililofanywa kwa ajili ya gari hilo, kutoka zile za serikali hadi zile zinazobeba abiria na mizigo kila siku. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender yake ya mwisho ya mtindo ule Januari 2016, lakini kwetu gari hilo halijastaafu. Anayelimiliki hajalihifadhi kama kumbukumbu. Analitegemea kwa chakula, na kila tairi linalolika upande mmoja kwa sababu ya balansi mbovu linatoka kwenye mfuko wa nyumba yake.

Karagwe haina sababu ya kusubiri mtu wa mbali aje kulitatua tatizo la chuma. John Hanning Speke, aliyekuwa mgeni wa Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, na Henry Morton Stanley aliyefika 1876, wote wawili walikuta hapa ufalme uliouheshimu uhunzi, na kazi za chuma za ikulu ya Bweranyange zinatajwa na wanahistoria mpaka leo. Vijana wetu wanaosoma ufundi wa magari na uchongaji vyuma wanaweza kutengeneza bamba la Land Rover kwa kipimo cha milimita 165 na la VW kwa milimita 205 kama kazi yao ya mtihani, na gereji za Kayanga, Omurushaka na Ihanda zikalitumia kesho yake. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vikiliweka somo hili kwenye mafunzo ya vitendo, kila mhitimu ataondoka akijua kwamba sifuri ya skrini ina thamani pale tu ringi inapokuwa imekamatwa mahali pake.

Kwa mwenye gari, shauri langu ni fupi. Kabla hujalipia balansi ya gari la zamani, muulize fundi: ringi hii utaishika kwa tundu au kwa bolti? Akijibu kwa bolti, na akakuonyesha bamba au habu atakayoitumia, mwachie gari. Akisema mashine inajua yenyewe, chukua gurudumu lako, rudi nalo kijijini, na utafute habu ya zamani, jiliwa na chaki. Utafanya kazi jioni nzima, lakini siku utakayoshika lami ya Kyaka tena utaendesha kwa 80 ukiwa umeushika usukani kwa mkono mwepesi.